Mpango wa Sifa katika Kiingereza

Wasomaji wetu wa Malindi, Kilifi na vijiji vilivyo kati yake hawana haja ya kuelezwa faida ya kujua Kiingereza. Mwenye kuuza makasha ya kale hukihitaji, mpishi wa hoteli ya Watamu hukihitaji, na kijana wa Ganze anayeandika barua ya kuomba kazi hukihitaji kuliko wote wawili. Lakini liko jambo moja ambalo huwatatiza hata watu waliosoma miaka mingi, nalo ni mpango wa sifa, yaani yale maneno ambayo vitabu vya shule huyaita vivumishi. Mtu ajua kwamba kubwa ni "big", kwamba kuukuu ni "old", na kwamba kitu cha mbao huitwa "wooden". Maneno yote anayo. Walakini akiyaunga pamoja akasema "a wooden old big chest", Mwingereza anayemsikiliza husita. Laiti angalisema "a big old wooden chest", asingalisita hata kidogo.

Maneno ni yale yale, na kila moja limeandikwa sawasawa. Kilichoharibika ni mahali pake tu. Basi msomaji aweza kuuliza, je, jambo dogo kama hili lina uzito gani? Kwa muuza makasha pengine halina uzito mkubwa, kwa maana mnunuzi akilipenda kasha atalinunua. Kwa mwandishi wa barua ni habari nyingine. Anayesoma barua mia moja za kuomba kazi moja hatafuti sababu ya kumchukua mtu, bali hutafuta sababu ya kumwacha. Naye akikuta sentensi inayomkwaza, aghalabu hawezi hata kusema kosa ni lipi, ila huiweka barua upande wa pili. Wanafunzi nao wanalijua sana. Katika mtihani wa KCPE, uliofanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2023, mtoto alikuwa akipewa sifa tatu au nne zilizochanganywa, akaambiwa achague mpango ulio sahihi, na wengi walichagua kwa kubahatisha.

Hapana haja ya kubahatisha. Mpango huo una sababu zake, na mtu akiisha kuzifahamu hatahitaji kukariri orodha ndefu.

Kwanza yatupasa kutazama lugha yetu wenyewe. Katika Kiswahili jina hutangulia na sifa hufuata: nyumba nyeupe, mtu mrefu, samaki wabichi. Kigiriama hufanya vivyo hivyo, na hali kadhalika lugha nyingine za Wamijikenda. Hata Kiitaliano, ambacho vijana wengi wa Malindi wamejifunza bila kuingia darasani tangu Waitaliano walipoanza kuja kwa wingi katika miaka ya 1960, hutanguliza jina mara nyingi. Nyumba anamokaa Rais wa Marekani Waitaliano huiita "Casa Bianca", nasi tukiifasiri neno kwa neno twasema Nyumba Nyeupe, lakini wenyewe huiita "White House". Kwa hiyo kijana wa Malindi ajuaye Kiswahili, Kigiriama na Kiitaliano ana lugha tatu zinazomvuta upande mmoja, na Kiingereza peke yake kinamvuta upande wa pili. Si ajabu akiteleza.

Tofauti hii humpa msikilizaji kazi nyingine kabisa. Mswahili akianza kusema "dele", wewe umekwisha kuliona dele akilini mwako, na kila sifa inayofuata hulipaka rangi zaidi: dele dogo, dele dogo kuukuu, dele dogo kuukuu la shaba. Mwingereza huanza na sifa, na msikilizaji wake hungoja. Husikia udogo, bado hajui ni udogo wa nini. Husikia ukuukuu, husikia shaba, naye anaendelea kungoja mpaka neno la mwisho litokee. Katika kungoja huko hutegemea mpango aliouzoea tangu utoto. Ukiuvunja, ni kama mtu aliyezoea kushuka ngazi za nyumba yake gizani, akakuta usiku mmoja ngazi moja imehamishwa.

Sasa tuulize kwa nini Kiswahili hakibani sana mpango wa sifa. Twaweza kusema nyumba kubwa nyeupe, na twaweza kusema nyumba nyeupe kubwa, na hakuna mzee wa Takaungu atakayekukemea kwa lolote kati ya hayo. Sababu yake ni zile silabi za mwanzo wa maneno ambazo hupatanisha sifa na jina lake. Nikisema kikombe cha chai kikubwa, ile "ki" ya kikubwa hurudi nyuma, huiruka chai, hukishika kikombe. Hata tungetia maneno matano katikati, "ki" hiyo ingekijua mwenyewe. Kiingereza hakina kitu cha namna hiyo. "Big" ni "big" tu, awe mtu mmoja, iwe miti mia, au uwe moto. Zamani hakikuwa hivyo. Kiingereza cha kabla ya Wanormani kuiteka Uingereza mwaka 1066 kilibadilisha miisho ya sifa ili ipatane na jina lake. Miisho hiyo ilipungua karne hata karne, na kufikia karne ya 15 ilikuwa imetoweka. Tangu hapo sifa ya Kiingereza haina alama ya kuonyesha ni mali ya nani, ila mahali inapokaa.

Wala tusijivune mno, maana katika ngeli ambayo silabi hizo hazionekani, sisi nasi hujikuta katika shida ile ile. Chukua mvuvi wa Ngomeni atakaye kuagiza injini. Akisema injini ya chombo kidogo, neno limekwisha: chombo ndicho kidogo. Lakini akisema injini ya mashua ndogo, je, ndogo ni injini au ni mashua? Injini na mashua zote ni za ngeli moja, na "ndogo" yafaa kwa zote mbili. Hapo Mswahili mwangalifu hufanya lile lile afanyalo Mwingereza kila siku, yaani hutumia mahali. Akitaka injini iwe ndogo, husema injini ndogo ya mashua. Basi mtu akikuambia kwamba mpango wa maneno ni mambo ya Wazungu tu, mwulize habari ya injini hiyo.

Katika Kiingereza agizo hilo ni la hatari zaidi, kwa kuwa "a small boat engine" laweza kueleweka kwa njia zote mbili. Kuna njia ya kuweka kistari, "a small-boat engine", ili kuonyesha kwamba mashua ndiyo ndogo. Lakini kistari hakisikiki katika simu, na si kila mwenye duka Mombasa atakitazama. Mwenye fedha zake na aandike kwa urefu, "a small engine for a boat", ama "an engine for a small boat", kisha alale usingizi.

Tuje sasa kwenye mpango wenyewe. Tulirudie lile dele, tulitie sifa nyingi kuliko mtu angalizotia katika mazungumzo, ili tuone kila moja yakaa wapi. Tuseme ni dele dogo, zuri, kuukuu, la Kiarabu, la shaba ya manjano, na kazi yake ni kahawa. Njia nyepesi kwa mtu wa Kiswahili ni kuanza na jina, akajenga kurudi nyuma, kama fundi anayepanga mawe ya ukuta kutoka pembeni.

Jina ni "pot". Lililo karibu nalo kabisa ni kazi yake, nalo ni "coffee pot", kwa sababu kazi ndiyo inayoeleza ni chombo cha aina gani. Ukiiondoa, chombo chaweza kuwa cha maua. Kisha hufuata kitu kilichotumika kulifanyia: "brass coffee pot". Kisha asili yake, yaani nchi au watu linakotoka: "Arab brass coffee pot". Kisha umri: "old Arab brass coffee pot". Kisha ukubwa: "small old Arab brass coffee pot". Na mwisho, mbali kabisa na jina, rai ya msemaji mwenyewe: "a beautiful small old Arab brass coffee pot". Limebaki umbo, na imebaki rangi. Hizi hukaa kati ya umri na asili, umbo likitangulia na rangi ikifuata, kama mtu akisema kofia ya Lamu, ndogo, mpya, ya mviringo, nyeupe: "a small new round white Lamu cap". Kuhusu umri na umbo vitabu vya sarufi havikubaliani kipi kitangulie, na wenye lugha wenyewe hubadilisha. Kwa hiyo mwalimu asimchape mwanafunzi kwa hilo.

Nini sababu ya mpango huu? Ziko njia nyingi za kuueleza, lakini iliyo rahisi kukumbuka ni hii. Jiulize ni sifa ipi ambayo watu wawili waweza kubishana juu yake. Wanunuzi wawili wakisimama mbele ya dele lile, mmoja atasema ni zuri na mwenziwe atasema si zuri, nao watabishana mpaka Magharibi. Hakuna wa kuwaamua. Juu ya ukubwa watabishana kidogo, kwa maana udogo hutegemea limelinganishwa na nini. Juu ya umri watabishana kidogo zaidi, na mzee ajuaye vitu atawaamua. Lakini juu ya shaba hapana ubishi: ligonge, usikie mlio. Na kwamba ni la kahawa, kila mtu wa pwani alijua kabla hajaulizwa. Basi zile sifa zenye ubishi Mwingereza huzisukuma mbali na jina, na zile zisizo na ubishi huzivuta karibu nalo. Kitu kilivyo chenyewe hukaa karibu. Vile wewe ukionavyo hukaa mbali.

Mwenye kulishika hilo moja ataweza kupanga sifa asizowahi kuziona pamoja. Mathalan, ile nguzo ya Malindi iliyo juu ya mwamba ukingoni mwa bahari, ukumbusho wa Vasco da Gama aliyefika huko mwezi wa Aprili mwaka 1498. Nguzo ni ya matumbawe, na msalaba ulio juu yake ni wa jiwe lililotoka Ureno. Ukitaka kuueleza msalaba huo, nao ni mkuukuu, wa Kireno, wa jiwe, jiulize kipi hakibishiwi kabisa. Jiwe. Kisha Ureno. Kisha umri. Utapata "an old Portuguese stone cross", na hukuhitaji kitabu.

Hapo tazama pia neno dogo la mwanzo. Tumeandika "an old Portuguese stone cross", lakini tukiongeza udogo ni "a small old Portuguese stone cross". Kichwa hicho, "a" au "an", hakitazami jina. Hutazama neno linalokifuata mara moja, lianze kwa sauti ya namna gani. Watu wengi huongeza sifa mbele wakasahau kubadilisha kichwa.

Maneno kama "a", "the", "my" na "those" hutangulia sifa zote, na hesabu hufuata baada yake. Wavuvi wa Mayungu wakiwa na mashua tatu kuukuu za mbao za kuvulia samaki, na mtu akazionyesha kidole, atasema "those three old wooden fishing boats". Linganisha na maneno yetu: mashua zile tatu kuukuu za mbao za kuvulia samaki. Msomaji na asome zote mbili polepole. Ataona jambo la kufurahisha, kwamba mpango wa sifa ni ule ule, zile, tatu, kuukuu, mbao, kuvulia. Kilichohama ni jina peke yake, ambalo katika Kiswahili liko kichwani na katika Kiingereza liko mkiani. Mara nyingi, ingawa si mara zote, mfasiri hana kazi zaidi ya kuling'oa jina na kulipeleka mwisho.

Zile mara nyingine ambazo haiwi hivyo huonekana zaidi katika majina ya ofisi na mahali, nasi tunaoshughulika na kufasiri hukutana nayo kila siku. Tangu mwaka 2013, zilipoanza serikali za kaunti, mabango ya pwani yameandikwa "Kilifi County Government". Kiswahili chake ni Serikali ya Kaunti ya Kilifi. Hapa jina halikuhama peke yake, bali mlolongo wote umegeuka, wa kwanza akawa wa mwisho. Vivyo hivyo "Malindi Marine National Park", iliyotengwa mwaka 1968 ili kulinda matumbawe na samaki. Soma Kiingereza chake kutoka mwisho kurudi mwanzo, utapata Kiswahili kilicho tayari: Hifadhi, ya Taifa, ya Bahari, ya Malindi. Sababu ni kwamba katika milolongo hii kila neno limening'inia kwenye jingine kwa "ya" au "za", kama vyungu vilivyobebana. Basi ukiona Kiswahili chenye "ya" na "ya" na "ya", anza Kiingereza chako kwa neno la mwisho.

Jina lililo bora kuliko yote kwa funzo hili ni lile la misitu yetu ya kaya, ambayo UNESCO iliitia katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2008. Misitu hiyo imetawanyika pwani kwa urefu wa kilomita zipatazo 200, na baadhi yake, kama Kaya Fungo ya Wagiriama, imo katika Kaunti ya Kilifi. Katika orodha imeandikwa "Sacred Mijikenda Kaya Forests". Jina ni misitu, nalo liko mwisho. Karibu nalo ni kaya, kwa kuwa hiyo ndiyo aina ya msitu; msitu usio wa kaya ni kitu kingine, hata kama miti yake ni ile ile. Kisha Mijikenda, wenyewe wa misitu hiyo. Na utakatifu uko mbali kabisa, mwanzoni. Si kwamba utakatifu ni jambo dogo, la hasha. Wazee wa kaya ndio waliohifadhi misitu hiyo kwa ajili ya utakatifu wake. Lakini kwa sikio la Kiingereza utakatifu ni vile watu waionavyo misitu hiyo, si aina ya miti. Nasi twaweza kusema misitu mitakatifu ya kaya za Wamijikenda, au tukitaka, misitu ya kaya za Wamijikenda iliyo mitakatifu, na ile "mi" itaruka kaya, itawaruka Wamijikenda, ikatue juu ya misitu yake. Mwingereza akihamisha neno lake moja tu, jina lote litamvurugikia.

Mtu asiyejua kwamba jina la Kiingereza liko mwisho hupotoshwa na majina ya wanyama pia. Katika msitu wa Arabuko-Sokoke yuko mnyama mdogo, sange mwenye kiuno cha rangi ya dhahabu, ambaye Waingereza wamemwita "golden-rumped elephant shrew". Mwanafunzi asomaye kwa haraka huona neno "elephant" akatafuta ndovu. Lakini ndovu hapo ni sifa tu, kwa ajili ya pua yake ndefu, na jina ni "shrew", yaani kirukanjia. Ajabu ni kwamba wataalamu waliochunguza damu na nasaba za wanyama katika miaka ya 1990 waliona kuwa sange si ndugu wa kirukanjia hata kidogo, na kwamba kwa ukoo yuko karibu zaidi na ndovu. Sarufi ilisema kweli yake, na wataalamu wakasema yao.

Baadhi ya majina hukataa kufuata mpango, na sababu yake ni kwamba sifa na jina vimekwisha kuoana, vikawa neno moja. Mji wa Kale wa Mombasa huitwa "Mombasa Old Town", ingawa kwa mpango tulioueleza umri ungepaswa kutangulia mahali. Lakini "Old Town" si mji ulio mkuukuu tu, bali ni jina la mtaa unaojulikana, na hivyo halitenganishwi. Kinyume chake, ukisema habari ya nyumba kuukuu yoyote ya Malindi, ni "an old Malindi house", kwa mpango wa kawaida. Mwenye kutumia "a Malindi old house" atakuwa amefungisha ndoa isiyokuwapo.

Tena yako majina machache ambayo Kiingereza chenyewe hutanguliza jina, kama sisi. Mkuu wa sheria wa Serikali huitwa "Attorney-General", na Malcolm MacDonald, aliyekuwa mwakilishi wa Malkia nchini Kenya tangu Uhuru wa Desemba 1963 mpaka nchi ilipokuwa Jamhuri Desemba 1964, aliitwa "Governor-General". Hapa "general" ni sifa, nayo imekuja nyuma. Majina haya yalitoka katika Kifaransa cha wale Wanormani, na Kifaransa hutanguliza jina mara nyingi. Ndiyo sababu wakiwa wengi ni "Attorneys-General", alama ya wingi ikiwa katika jina na si katika sifa. Gazeti lisilojua hili huandika vinginevyo.

Twaweza kustaajabu kwamba Waingereza wenyewe hawaujui mpango huu. Wanaufuata, lakini ukimwuliza mmoja wao kwa nini hasemi kinyume, atakuambia tu kwamba haisikiki vizuri. Mwandishi mashuhuri J. R. R. Tolkien, aliyekuwa profesa wa lugha huko Oxford, alieleza katika barua ya mwaka 1955 kwamba alipokuwa mtoto wa miaka kama saba alitunga hadithi ya joka, akaweka rangi yake mbele ya ukubwa wake. Mama yake alimwambia kwamba haisemwi hivyo, ukubwa hauna budi kutangulia. Mtoto akajiuliza kwa nini. Na yule profesa, aliyezijua lugha nyingi za kale, aliandika kwamba bado alikuwa akijiuliza.

Hilo lisitufanye tuwacheke. Mtoto wa Malindi wa miaka minne hasemi "kiti mkubwa", wala hasemi "mti kikubwa", na hakuna aliyemfundisha ngeli. Hajui hata kwamba ngeli ziko, mpaka siku mwalimu anapoziandika ubaoni. Mwenye kujifunza lugha ukubwani ndiye azionaye. Johann Ludwig Krapf, aliyefika Mombasa mwaka 1844 na baadaye akakaa Rabai, alizipanga ngeli zetu katika kitabu cha sarufi ya Kiswahili kilichochapwa Ujerumani mwaka 1850, wakati ambapo Waswahili waliozitumia kila siku hawakuwa na sababu ya kuzihesabu. Sisi tumebebeshwa ngeli, Mwingereza amebebeshwa mpango, na kila mmoja hauhisi mzigo wake mwenyewe. Kwa hiyo kijana akitaka kusahihishwa, asimwulize mgeni kwamba kanuni ni ipi, maana hataipata. Amwulize tu, kati ya hivi viwili wewe ungesema kipi? Hapo atajibiwa mara moja, na sawasawa.

Yamebaki machache. Sifa mbili za aina moja, kama rangi mbili, huunganishwa kwa "and": "a black and white goat". Rai mbili hutengwa kwa alama ya mkato: "a long, tiring journey", na hapo mpango haubani, kwani waweza pia kusema "a tiring, long journey", ingawa ya kwanza husikika vyema zaidi. Sifa zikija baada ya "is" au "are" zimekombolewa kabisa. "The house is white and big" haimkwazi mtu. Hiyo ni njia nzuri ya kukimbilia mtu anapoona sifa zimemzidi. Na kwa hakika sifa sita mbele ya jina moja, kama zile tulizolitwika dele letu, hakuna Mwingereza azisemaye ila akiwa anauza kitu. Mbili zatosha, tatu ni nyingi, na zaidi ya hapo afadhali kuanza sentensi ya pili.

Kwa wanaopenda kujijaribu, haya hapa maneno matatu ya kufasiri. La kwanza, vikapu viwili vikubwa vya mviringo vya majani. La pili, kanzu yangu mpya nyeupe ya pamba. La tatu, ni la wenye bidii, wale walinzi watano wa kwanza wa Msitu wa Arabuko-Sokoke.

Majibu ni haya. La kwanza, "two large round palm-leaf baskets". La pili, "my new white cotton kanzu". La tatu, "the first five Arabuko-Sokoke Forest guards", ambapo "first" hutangulia "five", kinyume cha sisi tusemao watano wa kwanza. Na aliyeanza jibu lake kwa "those" badala ya "the" amefasiri sawasawa vilevile.